Kilimia na Ushahidi wa Macho

Msomaji, ukitoka nje usiku mmoja katikati ya mwezi wa Januari, wakati mbingu i safi na mwezi haujatoka, tazama juu ya kichwa chako, kisha ugeuze uso kidogo upande wa kaskazini. Kiasi cha saa tatu kasorobo utaona hapo fungu dogo la nyota zilizokaribiana, mfano wa punje za mtama zilizosahauliwa katika ungo. Fungu hilo ni Kilimia.

Jina lake latokana na neno kulima. Wala si Waswahili peke yao walioliita hivyo. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini husema isiLimela, na Wasotho husema Selemela. Maneno hayo yote ni ya mzizi mmoja. Jina lililoenea nchi nyingi namna hiyo latuonyesha kwamba wakulima wa Afrika walilitazama fungu hili tangu zamani sana, wakapimia kwalo majira ya jembe. Wazee wa pwani yetu wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Maana yake si ngumu kwa mtu azijuaye mbingu. Katika mwezi wa Mei Kilimia hupotea katika mwanga wa jua, kisiweze kuonekana jioni wala alfajiri. Mwezi wa Juni huzuka tena upande wa mashariki kabla ya kupambazuka. Kati ya kuzama kwake na kuzuka kwake majira hugeuka, na mkulima mwenye busara huwa amekwisha kujiandaa.

Elimu hiyo ilipatikana kwa jicho tupu, na ilitosha kwa kazi yake. Walakini jicho tupu lina mipaka, na tena macho ya watu si sawa. Watu walio wengi huhesabu nyota 6 katika Kilimia. Wengine huapa kwamba wameona 7, au 9. Hapo ndipo huzuka swali ambalo nataka tulifuate pamoja katika insha hii: mtu mmoja akiona mbinguni kitu ambacho wenziwe hawakioni, ni nani wa kuaminiwa? Historia ya Kilimia katika miaka 400 iliyopita ni historia ya swali hilo.

Mwaka 1609 Galileo Galilei, aliyekuwa akifundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Padua, Italia, alipata habari za chombo kipya kilichotokea Uholanzi, nacho ni darubini. Akajitengenezea ya kwake, akazidi kuitengeneza hata ikaweza kukuza vitu kiasi cha mara 20. Alipoielekeza kwenye Kilimia aliona zaidi ya nyota 40 ambazo hakuna mtu aliyepata kuziona tangu dunia kuumbwa. Mwezi wa Machi 1610 alipiga chapa kitabu chake katika mji wa Venice, na ndani yake akachora Kilimia: nyota 6 zijulikanazo na watu wote, na nyota ndogo 36 kati yao na kando yao. Akazichora zile za zamani kwa namna yake na zile mpya kwa namna nyingine, ili msomaji asizichanganye. Angalia, msomaji, jinsi alivyofanya. Hakusema tu, "Nimeona nyingi." Aliweka kila moja mahali pake juu ya karatasi, ili mtu yeyote atakayepata darubini apate kumkosoa au kumsadiki.

Baada ya Galileo lilibaki jambo moja. Je, nyota hizo zimekaribiana kweli, au twaziona tu zimekaribiana, kama vile miti miwili iliyo mbalimbali njiani ionekanavyo kushikana machoni pa msafiri? Mwaka 1767 kasisi mmoja Mwingereza, John Michell, alilijibu swali hilo kwa kalamu na hesabu. Alizichukua nyota 6 zing'aazo kupita nyingine, akauliza: kama nyota zote za mbinguni zingetawanywa ovyo, kwa bahati nasibu, ni mara ngapi zingeweza kukusanyika karibu namna hii? Akapata kwamba jambo hilo lingetokea kiasi cha mara moja katika 500,000. Kwa hiyo alikata shauri kwamba Kilimia ni jamaa moja kweli. Siku hizi twajua kwamba alisema haki. Wataalamu huliita fungu la namna hii fungu wazi, kwa kuwa nyota zake zimeachana kiasi cha kuonekana moja moja. Maana yako mafungu mengine ambayo nyota zake zimesongamana kama nyuki mzingani. Mwaka 1769 Mfaransa Charles Messier alipima mahali pa Kilimia mbinguni, akakipa nambari 45 katika orodha yake mashuhuri, na hata leo watazamaji wa nyota hukijua kwa nambari hiyo.

Sasa tumfikie mtu ambaye habari zake ndizo kiini cha maneno yangu. Jina lake lilikuwa Wilhelm Tempel, naye alizaliwa mwaka 1821 katika nchi ya Saxony, Ujerumani. Hakuwa mtaalamu wa nyota kwa kazi. Riziki yake aliipata kwa kuchora picha juu ya mawe na kuzipiga chapa. Alihamia Venice, akanunua kwa fedha zake darubini yenye lenzi ya upana wa inchi 4, yaani kiasi cha sentimita 10, akawa akitazama mbingu kutoka katika ngazi ya kuzunguka ya jumba moja la kale. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 1859 aliielekeza kwenye Kilimia. Kando ya nyota iitwayo Merope aliona wingu hafifu sana la nuru. Alilifananisha na doa la pumzi juu ya kioo.

Habari hiyo ilipoenea, walikuwako walioliona wingu hilo, na walikuwako wasioliona. Jambo la ajabu ni kwamba baadhi ya watu waliolikosa walikuwa wakitumia darubini kubwa kuliko ya Tempel mara nyingi. Basi wengine wakasema kwamba wingu hilo hubadilika, mara hung'aa na mara hufifia. Na wengine wakashuku kwamba halipo kabisa, bali ni mng'ao tu wa nyota ndani ya kioo. Fundi wa kuchora, mwenye kioo cha inchi 4, angeshindanaje na mabwana wenye majumba ya kutazamia nyota?

Siku hizi sababu ya mzozo ule yajulikana. Darubini kubwa huonyesha sehemu ndogo mno ya mbingu kwa mara moja. Wingu la Merope ni pana na hafifu. Ukiwa katikati yake huoni mpaka wake, na usipoona mpaka wake huwezi kulitambua, kama vile mtu aliye ndani ya ukungu mwepesi asivyojua kuwa yumo ukunguni mpaka atazame kutoka mbali. Darubini ndogo ya Tempel ilimwonyesha wingu pamoja na giza lililolizunguka. Udogo wa chombo chake ndio uliomsaidia. Lakini wakati ule hakuwa na njia ya kuyathibitisha hayo, maana hawezi mtu kumwazima mwenziwe macho yake.

Njia ilipatikana kwa upigaji wa picha. Ufundi huo ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na mwaka 1850 nyota moja, Vega, ilipigwa picha katika Chuo cha Harvard, Marekani. Katika miaka ya 1860 Lewis Rutherfurd wa New York, aliyekuwa mwanasheria akaiacha kazi hiyo kwa ajili ya nyota, alitengeneza lenzi kwa kusudi la kupiga picha tu, akapiga picha za Kilimia. Na mwaka 1866 Benjamin Gould alizipima akapata mahali pa kila nyota. Walakini mabamba ya vioo ya siku zile ilipasa yatumiwe yangali na maji ya dawa, na yalipokauka kazi ilikwisha. Hivyo yaliweza kupata nyota, lakini hayakuweza kungojea kitu hafifu kama wingu la Tempel.

Mabamba makavu, yaliyobuniwa mwaka 1871 na kutengenezwa vizuri zaidi baadaye, ndiyo yaliyobadili mambo. Yafaa ufahamu sababu yake. Jicho halilimbikizi nuru. Ukitazama kitu hafifu kwa saa nzima, mwisho wa saa hukioni zaidi kuliko ulivyokiona mwanzo. Lakini bamba hukusanya, kama mtungi uliotegwa chini ya paa wakati wa manyunyu: tone moja si kitu, na matone ya usiku kucha hujaza mtungi.

Tarehe 16 Novemba 1885 ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, waliipiga picha Kilimia huko Paris kwa darubini yenye lenzi ya sentimita 33 waliyoisugua wenyewe. Bamba lao lilionyesha wingu dogo kando ya nyota Maia, ambalo hakuna jicho lililopata kuliona. Mara swali lile lile likarudi kwa sura nyingine: je, hili ni wingu, au ni kasoro ya bamba? Mwanzoni mwa mwaka 1886, katika jumba la nyota la Pulkovo nchini Urusi, watazamaji wenye lenzi kubwa ya sentimita 76, wakiwa wamekwisha kuambiwa mahali pa kutazama, waliliona wingu la Maia kwa macho yao. Tangu hapo picha ilianza kuliongoza jicho.

Mwaka ule ule wa 1886 Isaac Roberts, mtu wa Wales ambaye kazi yake ilikuwa ujenzi wa nyumba, alipiga picha ya Kilimia karibu na mji wa Liverpool. Darubini yake ilikuwa na kioo cha inchi 20, kiasi cha sentimita 51, na bamba lake liliachwa wazi kwa muda wa saa 3. Lilipooshwa, mawingu yalionekana yakizizunguka Merope, Maia, Electra na Alcyone, tena yakiwa na michirizi kama nyuzi za pamba iliyochambuliwa. Wingu la Tempel lilikuwamo. Tempel alikuwa yu hai bado, mtu wa miaka 65, akifanya kazi katika jumba la nyota karibu na mji wa Florence. Alifariki mwaka 1889. Walakini ilikuwa imempasa kungoja miaka 27 kabla bamba la mjenzi wa nyumba halijamtolea ushahidi.

Lilikuwa limebaki swali la asili ya wingu lenyewe. Desemba 1912 Vesto Slipher, katika jumba la nyota la Lowell huko Arizona, Marekani, aliipitisha nuru ya wingu la Merope katika kioo kinachoigawanya nuru kwa rangi zake. Ilikuwa hafifu hata ikabidi aikusanye kwa saa 21, katika usiku zaidi ya mmoja. Akaona kwamba nuru ya wingu ni ile ile ya nyota zilizo karibu nalo. Yaani wingu halina nuru yake. Ni vumbi linalomulikwa, kama vumbi la barabarani linavyomulikwa na taa za gari. Na kwa kuwa vumbi jembamba hutawanya zaidi nuru ya buluu, mawingu ya Kilimia hutokea ya buluu katika picha za rangi.

Leo twajua kwamba Kilimia kina nyota zaidi ya 1,000, na umri wao ni kiasi cha miaka milioni 100, ambao kwa nyota ni ujana. Zamani ilidhaniwa kwamba vumbi lile ni masalio ya kuzaliwa kwao. Sasa yaaminiwa kwamba si lao: nyota hizo zinapita tu katika wingu lililokuwako njiani. Hata umbali wao uliletewa ubishi. Setilaiti ya Hipparcos ya Ulaya, ambayo vipimo vyake vilitangazwa mwaka 1997, iliuonyesha kuwa mfupi kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi kuliko ulivyodhaniwa. Wataalamu wakabishana kwa miaka mingi, mpaka vipimo vya redio vya mwaka 2014, na baadaye vya setilaiti ya Gaia, vilipoonyesha kwamba hesabu ya zamani ndiyo iliyokuwa karibu na kweli. Nuru ya Kilimia hutufikia baada ya kusafiri kiasi cha miaka 440. Ile utakayoiona usiku wa leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593.

Huenda ukasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya Paris na Arizona. Mimi nina nini?" Unacho zaidi ya alichokuwa nacho Galileo. Darubini ndogo ya macho mawili, ile iandikwayo 7 kwa 50, itakuonyesha Kilimia vizuri kuliko darubini nyingi kubwa, kwa sababu ile iliyomsaidia Tempel: fungu hili ni pana, zaidi ya mara mbili ya upana wa mwezi mpevu, nalo lataka kutazamwa lote kwa mara moja. Keti chini, egemeza viwiko vyako juu ya magoti ili mikono isitetemeke, nawe utahesabu nyota kwa makumi.

Ukiwa na kamera ambayo lenzi yake yaweza kuachwa wazi kwa muda, ifunge juu ya kigoda cha miguu mitatu. Ikiwa lenzi ni ya milimita 50, iache wazi kwa sekunde 5 hadi 10, si zaidi. Kwani dunia inazunguka, na nyota zitajichora kama mistari. Piga picha nyingi namna hiyo, kisha uziunganishe kwa kompyuta. Picha 60 za sekunde 5 ni sawa na kuitega mitungi 60 midogo na kuimimina katika mmoja mkubwa.

Ukitaka kungoja zaidi kwa picha moja, tengeneza chombo alichokieleza G. Y. Haig wa Scotland mwaka 1975. Ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na parafujo inayozifungua polepole. Tumia parafujo ambayo ukiizungusha mara moja husogea milimita 1, iweke milimita 229 kutoka kwenye bawaba, na uizungushe mara moja kila dakika. Ubao wa juu, wenye kamera, utaifuata mbingu. Bawaba sharti ielekee ncha ya mbingu. Huko Scotland mtu huiinua sana. Sisi ambao Ikweta yapita katika nchi yetu twailaza karibu sawasawa na ardhi, kutoka kusini kwenda kaskazini. Ni mojawapo ya mambo machache ambayo kwetu ni mepesi kuliko kwao.

Lakini jihadhari. Usiku wenye umande lenzi hushika ukungu, na lenzi yenye ukungu huzizungushia nyota utando wa nuru mfano wa mawingu ya Kilimia hasa. Wengi wamefurahi bure kwa sababu hiyo. Dawa yake ni hii: usiku huo huo, kwa lenzi hiyo hiyo na muda ule ule, piga picha ya fungu la nyota lililo jirani, lenye umbo la herufi V, ambalo nyota nyekundu Aldebaran huonekana pamoja nalo. Fungu hilo halina mawingu kama ya Kilimia. Ikiwa nyota zake nazo zimevaa utando, basi umepiga picha ya umande. Ikiwa hazina, na zile za Kilimia zinao, una ushahidi.

Nataka nikuambie na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Usiku mmoja niliwatoa wanafunzi wa ualimu uwanjani wakahesabu Kilimia kwa macho. Karibu wote walisema 6. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, mimi naona 9." Wenziwe wakacheka, na kwa haya nasema kwamba hata mimi nilitabasamu. Yeye hakubishana. Aliomba karatasi, akaweka nukta 9 kwa mwanga hafifu, akaandika tarehe na saa. Kesho yake darasani tulizilinganisha nukta zake na picha. Nukta 8 zilikuwa mahali pake kabisa. Ya tisa haikuwa na nyota. Kicheko kilikoma. Naye binti, bila ya kuambiwa, akaikata ile nukta ya tisa kwa kalamu na kuandika kando yake, "Nilikosea hii."

Karatasi ile naiweka pamoja na vitabu vyangu vya kufundishia. Nukta zake 8 zilinifunza nisimcheke mtu kwa sababu macho yake yamepita yangu, na ile iliyokatwa ilinionyesha kwa nini nimwamini kwa zile nyingine. Basi, msomaji, Kilimia kitakapopanda mashariki jioni za Novemba, chukua karatasi utoke. Weka nukta ulizoziona, usiongeze na usipunguze. Andika tarehe, saa, mahali uliposimama, na hali ya mawingu. Kisha mpe mwenzio, umwambie atazame.